Tangazo la Dawa ya Kifafa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Dorika alimpa binti yake Agnella kidonge cha kifafa. Agnella alikimeza kwa uji, kisha akaenda shule. Walikuwa wakulima wa mpunga wa Idete, na dawa walipewa kliniki mjini Ifakara. Mwaka mzima ulipita mtoto hajaanguka.

Baba yake, Octavian, alinunua simu ya kupangusa. Akajiunga na Soga, mtandao ambao watu hutumiana picha na maneno. Siku moja akaona video. Mtu aliyevaa koti jeupe alisema, "Mimi ni daktari wa Ifakara. Vidonge vya kifafa vinaharibu ubongo wa mtoto. Viacheni. Tumieni unga wangu wa mizizi." Chini yake paliandikwa: tangazo la kulipiwa.

Kwetu bondeni, ukitaja daktari wa Ifakara umemaliza mazungumzo. Wagonjwa hutoka milimani na ng'ambo ya mto kumfuata. Aliyetengeneza video alilijua hilo vizuri, mjanja yule.

"Mama Agnella, njoo uone," Octavian aliita. "Daktari mwenyewe anasema."

"Wa Ifakara?"

"Si unamsikia?"

Dorika alisita. "Tungeuliza kwanza kliniki."

"Tutoe nauli kuuliza jambo ambalo daktari ameshalisema?"

Wakaagiza ule unga. Vidonge vikawekwa juu ya kabati.

Sisemi walikuwa wajinga. Walimpenda mtoto wao, na walichoka kumwona akimeza dawa kila siku. Lakini kifafa hakijali hayo. Agnella alianguka akiwa anakoroga uji nje ya nyumba, na mkono wake wa kulia ukaingia motoni. Wapita njia walimwona, wakaogopa kumgusa, eti mate yake yanaambukiza. Uongo huo ni wa zamani kuliko simu. Dorika alikuja mbio na kumtoa mwanawe.

Wodini, hospitalini Ifakara, muuguzi aliwaeleza, "Kifafa hakiambukizi. Na dawa zake haziachwi mpaka daktari anayemtibu mtoto aseme. Huyu wa kwenye video hatumjui. Hayupo hapa."

Octavian aligeukia ukuta akalia. "Nimemchoma mtoto wangu," alisema.

Alipotulia, aliwaandikia Soga kwenye sehemu ya malalamiko. Aliwaeleza kwamba tangazo ni la uongo na mtoto ameungua. Jibu likaja: "Tumelipitia tangazo. Halijavunja taratibu zetu." Kesho yake tangazo lilikuwa bado linaonyeshwa.

"Jamani! Hivi wanasoma kweli hawa?" Dorika alisema.

Wakaenda Kibaoni kwa wakili Aikande, ambaye husaidia wasio na uwezo wa kulipa.

"Ile video mmeifuta?" Aikande aliuliza.

"Nilitaka kuifuta kwa hasira, wakili," Octavian alijibu.

"Usifute. Piga picha ya tangazo, jina la aliyelitoa, tarehe, na jibu mlilopewa. Huo ndio ushahidi wetu. Wala usimtumie mtu mwingine video hiyo, hata kwa kumwonya. Utakuwa unawatangazia bure."

"Tutamshitaki huyo daktari wa uongo?"

"Polisi watamtafuta. Lakini peke yake asingefika Idete. Nani alimfikisha kwenye simu yako?"

"Soga."

"Na walilipwa. Sikiliza. Ukipangisha chumba cha duka, huwezi kujua kila kitu anachouza mpangaji. Lakini ukiambiwa anauza sumu, nawe ukaendelea kupokea kodi, hapo una la kujibu. Kampuni inaweza kusema haikujua kabla haijaambiwa. Ninyi mmeshaiambia."

"Tutashinda?" Dorika aliuliza.

"Siwezi kuahidi. Mahakama huamua kwa ushahidi. Ila swali tutaliuliza."

Aikande aliitaka kampuni iondoe tangazo. Barua ya wakili ilipofika, wakaliondoa upesi, kumbe inawezekana! Lakini kuhusu mkono wa Agnella walisema hawahusiki. Kesi ikafunguliwa. Kabla ya kusikilizwa, pande mbili ziliitwa kwenye usuluhishi.

Wakili wa kampuni alimwuliza Dorika kwa upole, "Mama, nani aliwalazimisha kuamini?"

"Hakuna," Dorika alijibu. "Tulikosea, na mwanangu ana kovu. Na ninyi, baba? Tuliwaambia ameungua. Nani aliwalazimisha kuendelea kulionyesha?"

Wakili yule alikunywa maji. Kisha akauliza wanataka nini.

Wakakubaliana. Kampuni ilipe matibabu. Isipokee tena tangazo la dawa kabla ya kuhakikisha kwamba dawa hiyo imesajiliwa. Na kila aliyeonyeshwa tangazo lile aonyeshwe masahihisho. Hilo la mwisho kampuni ilikataa mara ya kwanza, Dorika akang'ang'ania.

"Hela zitatibu mkono mmoja," alisema. "Wangapi wengine walimwona yule mtu?"

Agnella alirudi kwenye vidonge vyake, na hajaanguka tena. Mkono umepona, anaandika nao.

Asubuhi moja Rosemery, jirani yao, alikuja ameshika simu. Kwenye kioo palikuwa na maneno ya Soga wenyewe: "Tangazo tulilowaonyesha lilikuwa la uongo. Msiache dawa za kifafa. Rudini kliniki."

"Dada Dorika, mwenzio niliona aibu kusema," Rosemery alisema. "Na mimi nilimwachisha Stanislaus wangu vidonge. Juzi ameanguka karibu na kisima."

"Yuko wapi?"

"Yupo nyumbani, mzima. Siku ya kliniki ni lini?"

"Usingoje siku ya kliniki. Kamvalishe viatu, twende sasa hivi."