Bega la Kushoto

Kila Jumanne walijichora kwanza, kisha wakacheza. Ndivyo Rhonda Kivela alivyoliendesha kundi lake katika chumba cha chini cha kanisa, pale mjini Duluth, na wote waliokuja walikuwa watu waliochoshwa na kuuguza: huyu mume, yule mzazi. Mtu alipewa karatasi kubwa, akajichora mwili mzima jinsi alivyojisikia, akaibandika ukutani, halafu akaicheza picha yake huku mwenzake amesimama mbele yake akiiga kila anachofanya. Tiba nzuri, mimi siidharau. Ila Rhonda mwenyewe alikuwa hoi kuliko wagonjwa wake, na hakuna aliyemuuliza.

Shida ilianzia kwenye picha ya Colleen Maki. Alijichora bega la kushoto limepanda hadi sikioni, na juu ya bega hilo karatasi ilibaki nyeupe, kama mtu aliyemwachia mwenzake kiti. Kwingine kote alipaka rangi.

"Hapa umepaacha makusudi?" Rhonda aliuliza.

"Wapi?" Colleen akasogea kutazama. "Mbona nilipapaka!"

Doug, dereva wa treni mstaafu, akacheka. "Mwache bwana, hata rangi inachoka. Mimi leo nimejichora kitako tu, ndicho kinachofanya kazi."

Walicheka wote. Wiki iliyofuata Colleen alijichora upya, na pale peupe pakawa na kivuli ambacho aliapa hakukichora. Chumba, ambacho siku zote kilinuka kahawa na makoti ya sufu yaliyolowa theluji, kilinuka dawa ya kuchua viungo.

Wenzake walipopanda ngazi kwenda zao, Colleen alibaki.

"Rhonda, nikikwambia kitu usinicheke."

"Hata nguvu za kucheka sina, mwenzangu. Sema."

"Baba mkwe hajaondoka." Alinong'ona akitazama mlango. "Miaka yote ile nilimbeba kwa bega hili, kitandani hadi chooni, chooni hadi kitandani. Alikuwa hataki kuwekwa chini. Ukimweka, anang'ang'ania shati. Tumemzika tangu majani yalipoanza kupukutika, na bado napumuliwa hapa shingoni. Jana kanisemesha. Kasema, 'Usiniweke chini.'"

"Unalala?"

"Nilale wapi? Nikilala ananiamsha nimgeuze. Nitakufa, Rhonda. Sikutanii."

Watu wa mji huu hawalitaji jini kwa jina lake. Kila kinachokuamsha usiku wana jina lake la kidaktari, na dawa yake ipo dukani. Rhonda alimwonea huruma mpaka machozi yakamlenga, akafanya kile alichosomea: lolote linalotoka kwenye picha halifukuzwi, hupokelewa. Aliwafundisha hivyo mamia ya watu na hakuna aliyedhurika. Akaigeukia picha, akasema kwa upole kama anayempokea mgeni mlangoni, "Karibu. Tuonyeshe unachotaka."

Colleen akaanza kuicheza picha yake, na Rhonda akasimama mbele yake kumwiga. Colleen alipopandisha bega naye akapandisha, alipoinama naye akainama, alipoburuta mguu naye akaburuta, na katikati ya kuburuta huko akasikia sakafuni ndara za mtu wa tatu, taratibu, zikitoka upande wa Colleen na kuja upande wake, na harufu ya dawa ya kuchua ikamjaa puani mpaka macho yakamwasha, akataka kuacha lakini miguu haikumsikiliza, na shati lake likavutwa begani na vidole vyembamba vilivyokuwa vikitafuta mahali pa kushika, vikapapasa, vikapata.

Colleen akanyooka. "Ametoka," alisema, akalia kwa sauti. "Ee Mungu wangu, ametoka!"

Sikio la kushoto la Rhonda lilikuwa limejaa pumzi ya mtu.

Jumanne iliyofuata Colleen alikuja na keki, na mashavu yamerudi. Alijichora amenyooka wima. Rhonda naye alichora pamoja nao, akaikunja picha yake kabla Doug hajaiona.

Sasa aliogopa kitu kimoja tu. Nyumbani aliishi na mama yake, Aili, ambaye kiharusi kilimpooza upande wote wa kushoto na kumnyang'anya maneno. Mtaalamu wa viungo alikuwa amewaagiza kila asubuhi Rhonda akae mbele ya mama, ainue mkono, ainamishe kichwa, na mama aige. Walifanya hivyo muda mrefu sana hata mama akazoea kuiga kila anachokiona kwa binti yake, hata kujikuna.

Rhonda akayaacha mazoezi. Akawa anamlisha kwa kijiko akiwa nyuma yake, amejitanda shali begani, na kiti cha mama akakigeuzia dirishani ili asimwone. Mama alinung'unika. Rhonda alimwomba radhi, akalia kimyakimya, akaendelea kumlisha. Usiku kucha yule mzee wa begani alimwamsha amgeuze, na asubuhi alipanda ngazi za nyumba yake mwenyewe akishika ukuta.

Lakini majira ya baridi huku giza huingia mapema. Siku moja jioni alikuwa amesimama nyuma ya kiti na bakuli la uji mkononi, shali limemteleza, taa imewaka, na kule nje pamekuwa peusi. Kwenye kioo cha dirisha walionekana wote wawili. Mama alikuwa akimtazama.

"Mama, usiangalie. Fumba macho, mama yangu, tafadhali."

Bega la kushoto la mama, lililokufa tangu kiharusi, likatikisika. Likapanda polepole hadi sikioni. Mama akashtuka, macho yakamtoka, na shati lake likavutika kwa juu.

Bega la Rhonda likashuka.

Wepesi! Mwili mzima ukamlegea kwa raha, akaona haya na bado akafurahi. Alijua la kufanya. Ni kusimama mbele ya mama na kuliiga lile bega, kama alivyofanya kwa Colleen, mzee amrudie yeye. Mama alikuwa amemnyooshea mkono wake mzima, akilia bila maneno, na kiti kikilalamika kwa uzito wa wawili.

Rhonda akaweka bakuli mezani.

"Kesho, Mama," alisema. Akazima taa, akaenda kulala, na usingizi ukamchukua hapohapo.