Kiti cha Mlangoni mwa Choo

Hii ni kweli tupu, naapa. Mkinikamata na uongo hata chembe, vyombo vya wiki nzima naosha mimi.

Jasusi Kunguru aliiacha bastola yake, Beretta, chini ya kiti cha gari. Getini pale wanapekua mpaka soksi. Akaingia ghala la dawa akijifanya fundi wa majokofu.

Redio iliyo ndogo kama punje ya mtama ikamnong'oneza sikioni.

"Kunguru, lori linapakiwa. Dawa za watoto, zote za magendo, zote bandia. Mtafute aliyenunuliwa."

Akamshuku meneja wa ghala. Jasho, ndani ya baridi ile?

Akambana nyuma ya maboksi.

"Anakulipa nani, bwana mkubwa?"

"Hakuna, haki ya Mungu! Lakiri, ile mihuri ya maboksi, niliziona zimepinda tangu juzi."

"Ukanyamaza."

"Dada, wewe hujafanya kazi hapa. Ukileta habari mbaya kikaoni, bosi anakupigia makofi, wote wanacheka, halafu unahamishiwa kile kiti cha mlangoni mwa choo. Mwenzangu alikikalia mpaka akaacha kazi. Tangu hapo, kila siku tunasema mambo ni shwari."

"Kiti alikibuni nani?"

"Bosi mwenyewe."

Kunguru akapiga mluzi.

Hakuna aliyenunuliwa. Bosi aliwaziba midomo bure, kwa kicheko tu.

Nje, lori likanguruma.

"Una watoto?"

"Wawili."

"Basi twende kikaoni."

Meneja akakiburuta kile kiti mpaka katikati ya chumba. Akakikalia.

"Dawa ni bandia. Lori lisitoke."

Bosi akapiga makofi. Pa. Pa. Pa.

Hakuna aliyecheka.

"Hata mimi niliziona lakiri," akasema mkaguzi, macho chini.

"Hata mimi," akasema mama wa stoo. "Nimewapigia simu getini. Wamefunga."

Bosi akachomoa bastola. Kunguru akawahi. Beretta ikabweka mara moja, bastola ya bosi ikapaa dirishani.

Kunguru akavaa miwani yake myeusi. Akaondoka taratibu, bila kugeuka.

"Baba nanihii," mke wangu akaniita kutoka jikoni. "Beretta si ilibaki garini?"

"Aa... hiyo ilikuwa ya akiba."

"Ya akiba! Kwenye soksi?"

Wajukuu wakaangua kicheko.

Nikakunja mikono ya shati. Na sufuria ya leo, kwa bahati yangu, imeshika ukoko.