Kiti cha Nyuma

Kigoda kilikuwa kimelowa. Si kulowa kwa kumwagikiwa kikombe cha maji, la. Kulowa chepechepe, mpaka maji yanachuruzika miguuni mwake na kufanya kidimbwi sakafuni. Na hiyo ilikuwa Januari ya mwaka wa sabini na moja, majani chai ya Itumbe yamekunjamana kwa jua, wiki ya tatu mvua haijaonekana.

"Angwenyi," Drusilla alimwita mumewe, "umemwaga maji hapa jikoni?"

"Maji ya kumwaga nitayatoa wapi mimi, na mtungi unaujaza wewe?"

Drusilla akachukua kitambaa, akapangusa, akakaa. Alikuwa na mimba ya miezi sita, mgongo unamuuma, hakuwa na nafasi ya kubishana na kigoda.

Sasa hicho kigoda. Ili ukielewe, sharti kwanza umwelewe Angwenyi. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ukarani wa kituo cha kupimia majani chai, lakini roho yake haikuwa kwenye mizani. Wenzake walifuga njiwa, wengine walifuga vitambi. Yeye alifuga skuta zilizokufa. Alizitafuta minadani na nyuma ya maduka, kutu imezila mpaka mfupa, akazileta nyumbani kwa mkokoteni, akazifungua skrubu moja moja, akazipiga msasa, akazipaka rangi, akazisafisha kabureta kwa manyoya ya kuku. Zikishanguruma, aliziuza ili apate nafasi bandani ya kuleta nyingine. Na alikuwa na sheria moja aliyojivunia sana: usiulize skuta ilikuwa ya nani. "Chuma hakina ukoo," alikuwa akisema. Hilo ndilo kosa lake, nami nalisema mapema, asije mtu akamlaumu shetani peke yake.

Mwaka uliotangulia alikuwa amenunua skuta ya buluu katika mnada wa Kisii. Ilikuwa na viti viwili vya ngozi nyeusi, cha dereva na cha abiria, kila kimoja na springi zake. Watu wa siku zile walitaka kiti kirefu kimoja, wakipanda waonekane wa kisasa, basi Angwenyi akavifungua vyote viwili. Cha mbele kilikuwa kimepasuka, akakitupa. Skuta yenyewe akamuuzia mwalimu Ongeri wa Nyamarambe, naye Ongeri hakulalamika hata siku moja. Lakini cha nyuma kilikuwa kizima, na Angwenyi hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima. Akakipigilia juu ya miguu minne ya mti, akampelekea mkewe jikoni.

Alifanya hivyo kwa mapenzi, jamani. Miaka minane ya ndoa bila mtoto. Miaka minane mama yake, Nyanchera, akiuliza kila Sabato wakitoka kanisani, "Bado?" Na sasa tumbo lile. Angwenyi angempa Drusilla kiti cha enzi kama angekuwa nacho. Alichokuwa nacho ni kiti cha skuta.

"Kinabonyea vizuri," Drusilla alisema siku ya kwanza, akijirusharusha na kucheka. "Hiki kitanifikisha mbali."

Basi Januari ikaisha, kigoda kinalowa kila siku mchana, kinapanguswa, kinalowa tena. Harufu ikafuata. Kwanza matope, yale matope baridi ya chini ya mto, halafu petroli. Drusilla akamwambia mumewe anawe mikono vizuri kabla ya kuingia jikoni. Angwenyi akanawa. Harufu haikuondoka.

Mwisho wa Februari mvua ikarudi, na wanaoijua Kisii wanajua inavyokuja: asubuhi jua, saa nane wingu, saa tisa maji. Siku hiyo ya kwanza Angwenyi alikuwa bandani na kabureta mkononi aliposikia skuta ikipanda mlima. Akatabasamu. Fundi huijua sauti ya mashine yake, na ile ilikuwa ya buluu, ya Ongeri. "Mwalimu huyu kichaa," akasema peke yake, "kutoka Nyamarambe na mvua hii!" Akatoka kumlaki. Mngurumo ukaingia langoni. Ukapita ua mbele ya macho yake, na hapakuwa na skuta wala mwalimu wala alama ya tairi kwenye tope, mvua tu, na mngurumo ule ukaenda ukasimama kwenye mlango wa jikoni, ukawa unatetemeka pale pale kama dereva anayemsubiri mtu atoke, na Angwenyi akakimbia jikoni akamkuta mkewe ameketi kigodani upande, miguu yote miwili kushoto, kama wanawake walivyokuwa wakiketi kwenye skuta, mkono wa kuume ameunyoosha mbele na kuuzungusha kwenye kiuno cha mtu asiyekuwapo, macho wazi, nywele zinamdondoka maji ndani ya nyumba ya mabati isiyovuja, na mwili wake unalala kushoto, unainuka, unalala kulia, unainuka, kona baada ya kona.

"Mos," alikuwa akinong'ona. "Mos, mos."

Hiyo ni lugha ya watu wa ziwani. Ni kumwomba mtu aende polepole. Drusilla alizaliwa Nyacheki na hakujua neno moja la Kijaluo.

Angwenyi akamkumbatia, akamng'oa pale. Mngurumo ukakatika. Drusilla akapepesa macho.

"Mbona umenishika hivi? Na miguu yangu mbona baridi?"

"Ulikuwa umelala," alisema Angwenyi, na sauti yake mwenyewe hakuitambua.

Alikifungia kigoda bandani kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Kesho yake saa tisa jikoni hapakuwa na mtu. Alimkuta Drusilla bandani, juu ya kigoda, akiyumba na kona zake, na kufuli nje halijafunguliwa. Akakimwagia kigoda petroli, akakitia kiberiti. Petroli ikaungua ikaisha. Ngozi ikabaki imelowa. Akamwita mzee wa kanisa, Ogari, aliyeweka mkono juu ya mlango na kuomba vizuri sana, kwa Kiswahili cha Biblia, nusu saa nzima, na kabla hajasema amina mvua ikapiga mabati na wote wawili wakasikia skuta ikipanda mlima. Mzee Ogari akachukua kofia yake.

"Ndugu yangu," alinong'ona, "kitu hiki kina mwenyewe. Mtafute."

Eti chuma hakina ukoo! Angwenyi alikwenda Nyamarambe akiwa amekonda, akamwomba Ongeri kitabu cha usajili wa skuta, akasoma kwa mara ya kwanza kile alichopaswa kukisoma tangu siku ya mnada: jina la mwenyewe wa kwanza. Owino, bwana afya, Nyacheki. Akaulizia, akaambiwa amehamishiwa Kisii mjini. Akamkuta ofisini, mtu mrefu, mvi zimemjia kabla ya wakati. Alipotaja skuta ya buluu, Owino alisimama akafunga mlango.

"Nilijua ipo siku mtu atakuja," alisema.

"Ilikuwa na nini, bwana?"

"Ilikuwa na mke wangu." Owino aliketi tena, taratibu. "Aprili ya sitini na tisa. Uchungu ulimshika saa nane mchana, gari hakuna, nikampakia nyuma nimpeleke hospitali. Mvua ile, karani, ungedhani mbingu imepasuka. Alikuwa amenishika kiunoni, ananiambia mos, mos, Owino. Daraja la mto Gucha lilikuwa limefunikwa na maji. Nikapita. Katikati nikaona skuta imekuwa nyepesi. Nikashukuru Mungu, unasikia? Nikadhani nimetoka kwenye tope. Mpaka nafika lango la hospitali ndipo nikageuka nimwambie tumefika."

Angwenyi hakuweza kumtazama.

"Mwili haukupatikana. Kwetu mtu asipopatikana huzikwa yago, lile tunda refu la mwegea, mahali pake. Tukalizika. Mama yangu mkubwa Akong'o akasema kiti alichokalia mwisho nacho kizikwe. Mimi nikakataa. Nikaona ni mambo ya kizamani, mimi mtu wa serikali. Nikaiuza skuta ilivyo." Akajipangusa uso. "Mkeo amekikalia?"

"Ana mimba, bwana Owino."

"Aluoch alikuwa akitaka kufika tu," alisema Owino. "Hakuwa mtu mbaya."

Angwenyi aliondoka na jina hilo kifuani, akaapa mkewe hatalisikia. Mwanamke mjamzito haambiwi jina la maiti. Hakumwambia Drusilla, hakumwambia mama yake, na mzee Ogari naye aliambiwa tu kwamba mwenyewe amepatikana.

Jumapili Owino alikuja na Akong'o, kikongwe mwembamba aliyekuwa na gunia la kubebea. Hawakutaja jina. Angwenyi alikwishaing'oa miguu, kikabaki kiti tu, cheusi, kimelazwa kwenye majani. Drusilla alisimama mlangoni, mkono tumboni. Akong'o alimtazama, akainama, akakiinua kiti kwa mikono miwili kama mtu anayejiandaa kwa mzigo, na nusura aanguke kinyumenyume.

"Mbona chepesi hivi?" alisema.

Owino aligeuka rangi. Kiti kilikuwa kikavu. Tangu Januari hakijakauka, na sasa kilikuwa kikavu, ngozi imepasuka.

"Amekikalia mvua ikinyesha mara ngapi?" Akong'o alimuuliza Angwenyi, kwa sauti ya chini.

"Kila siku, mama. Wiki tatu."

Kikongwe akakitia kiti kwenye gunia, akafunga. "Tutakizika," alisema. "Tumekuja kukizika, tutakizika." Kisha akamwendea Drusilla, akamgusa tumbo kidogo kwa ncha za vidole, kama mtu anayebisha hodi, akaondoka bila kuaga.

Walikizika. Mngurumo haukusikika tena. Saa tisa zilikuja na mvua zake, na Drusilla aliketi kwenye kigoda cha kawaida, akimenya ndizi na kuimba nyimbo za kanisani, na Angwenyi alianza kulala. Akafungua hata skuta nyingine. Aliamini yamekwisha, ungekuwa wewe usingeamini?

Mtoto alizaliwa Aprili, katika hospitali ya Kisii, saa tisa mchana, mvua ikinyesha. Msichana mzima, mzito, mwenye nywele. Nyanchera alipiga vigelegele mpaka muuguzi akamtoa nje. Drusilla alimkumbatia mwanawe, machozi yanamtoka, akasema maneno ambayo Angwenyi aliyachukua kuwa ya furaha tu: "Tumefika. Tumefika jamani."

Usiku ule mtoto alianza kulia. Akalia siku ya pili. Wakamleta nyumbani akilia, titi hataki, sauti imekauka, midomo imeingia ubuluu. Nyanchera hakushtuka. Pale kwao wazee walijua mtoto wa namna hiyo anatafuta jina. Yuko marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa, na akitajwa, mtoto hunyamaza. Akaketi katikati ya nyumba, mjukuu mapajani, akaanza kuwaita waliolala.

"Nyamusi, mama yangu, ni wewe?"

Mtoto akalia.

"Nyangate, mama wa baba yake? Kwamboka? Ni wewe, Kwamboka uliyekufa kwa tauni?"

Aliwaita wote. Akaita upande wa baba, akaita upande wa mama, akarudi nyuma mpaka kwa wanawake ambao hakuna aliyejua makaburi yao yalipo, jasho linamtoka, sauti inamtetemeka, na kila jina lilipotajwa mtoto alilia kwa nguvu pungufu kuliko la kabla, mpaka kilio kikawa mkwaruzo tu, mpaka kifua kikawa kinapanda na kushuka bila sauti, na Angwenyi amesimama ukutani, anajua, tangu jina la kwanza alikuwa anajua, na ulimi wake ameuuma damu inatoka, kwa sababu akilitaja atakuwa amempa mtu mwingine mwanawe na asipolitaja anamzika mwanawe kabla ya jioni.

"Wamekwisha," Nyanchera alisema. "Mwanangu, wafu wetu wamekwisha. Huyu si wetu."

"Ni wangu!" Drusilla alilia, akamnyakua mtoto. "Miaka minane, mama! Ni wangu!" Akamwinamia, akamwekea mdomo sikioni, akamnong'oneza, polepole, jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kumtajia.

"Aluoch."

Mtoto akanyamaza. Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo, akatafuta titi, akanyonya.

Nyanchera aliinuka akaenda nje. Kwa muda mrefu ilisikika sauti ya kunyonya tu.

"Mshike," Drusilla alimwambia mumewe baadaye. Alikuwa amechoka, anatabasamu. "Mshike mwanao, usiogope."

Angwenyi alimpokea, akamlaza kwenye mkono. Mtoto akageuka upande, miguu yote miwili kushoto, akanyoosha kimkono cha kuume, akamshika shati kiunoni. Angwenyi alijaribu kuvifungua vile vidole vidogo. Havikufunguka. Kiganja kilikuwa kimelowa chepechepe, maji yanamtiririka Angwenyi ubavuni, na yananuka mto. Alitazama dirishani. Jua lilikuwa kali, wingu hakuna.

"Mwite," Drusilla alisema. "Mwite jina lake, asianze tena kulia."

Miaka minane alikuwa amengoja kumwita mtoto wake. Angwenyi akafumba macho, akamwita.