Picha Yangu, Jina la Kiyono

Nilisimama mbele ya picha yangu... na chini yake pameandikwa jina la Kiyono!

Juu yake utepe wa dhahabu. Zawadi ya kwanza!

Nikaegemea ukuta, jamani. Na safari hii si uzee, ni hasira!

Wajukuu zangu wa mtandaoni, mimi Masue nina miaka sabini na nne. Kamera nimeishika miaka miwili tu. Mimi na shoga yangu Kiyono tulijiunga pamoja na darasa la picha la wazee. Vuli ikifika tunapanda hifadhini na mwalimu Hirota, tunafukuzia majani mekundu na wanyama.

Miaka hamsini ya urafiki!

Picha ile niliivizia siku nne kwenye baridi. Kamoshika, yule mbuzi mwitu wa milimani, kasimama kinamasini, nyuma yake mlima mzima unawaka wekundu. Ananitazama kama mkwe aliyekutwa hajajipanga!

Nilitaka itundikwe ukumbi wa mji, jina langu chini. Basi. Maisha yangu yote nimeitwa mke wa fulani.

Siku ya kupeleka picha kwenye mashindano ya ukumbi huo, mgongo ukanikamata. Kiyono akaja.

"Lete, nitakupelekea. Wewe lala."

"Karatasi za majina uzibandike vizuri kwa nyuma."

"Kwani mimi mtoto, Masue?"

Kumbe! Yake kaibandika kwenye picha yangu, yangu kwenye yake!

Na hiyo yake... majani yametikisika, ukungu mtupu, utadhani mboga imesahauliwa jikoni. Chini yake: Masue. Zawadi ya pili.

Nikamfuata, nikamnong'oneza.

"Kiyono. Ile ni yangu."

Akaendelea kuwatabasamia wageni. "Usinitie aibu mbele za watu. Wewe una watoto wanaokupigia simu. Mimi nina nini?"

Weee! Nikavuta pumzi nipige ukelele...

Hapo hapo mzee Sakuma, askari wa hifadhi, akaisogelea picha, miwani puani.

"Hongera, Bibi Kiyono. Hapa ulisimama wapi?"

"Kwenye njia ya mbao, kama watu wote."

"Mbona njia ya mbao naiona nyuma ya mnyama?"

Wageni wote wakageuza shingo!

Pumzi yangu nikaimeza polepole...

Kwetu, kukanyaga kinamasi ni kosa kubwa. Unyayo mmoja tu, nyasi haziponi miaka na miaka. Na mimi, siku ile ya nne, tamaa ilinishusha kutoka kwenye mbao, nikaingia kinamasini. Kiatu kikazama mpaka kifundoni. Sikumwambia mtu.

"Si mimi!" Kiyono akalia. "Ni Masue!"

Mzee Sakuma akaigeuza picha.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"...Wangu," Kiyono akajibu.

Utepe ukabanduliwa. Na Kiyono hifadhini asionekane mwaka mzima!

"Basi ya pili inapanda iwe ya kwanza," akasema mwalimu Hirota. "Bibi Masue, upepo wenyewe umeunasa! Uliwezaje?"

Jamani! Mboga ya jikoni imeshinda!

Picha ya Kiyono mwenyewe. Angeziacha karatasi zilivyokuwa, utepe ungekuwa wake kwa haki!

Kiyono akanitazama. Atasema nini? Akifungua mdomo kuidai picha yake, ameungama wizi. Na mimi nikifungua wangu, nimeungama kiatu.

"Mkono wa uzee, mwalimu," nikajibu. "Unatetemeka wenyewe."

Nikainama, nikaupokea utepe.

Mnanisema? Semeni.

Siku hizi tukikutana dukani kwenye figili, tunainamiana kama wageni.

"Baridi leo."

"Baridi kweli."

Kila mtu na njia yake.

Somo? Anayekodolea macho cha mwenzake hakioni chake, hata kikiwa ndicho bora. Hilo ni la Kiyono.

Langu ni hili: jina langu liko ukutani pale ukumbini, herufi kubwa, kama nilivyotaka.

Sijawahi kwenda kulitazama.