Maandishi ya Kijivu

"Nani amegusa folda yangu?"

Mama Pacha alikuwa amesimama katikati ya chumba cha kuchorea, miwani kichwani. Wachoraji wote tukainua vichwa.

"Folda gani tena?" Mhariri Mkuu akauliza akitoka ofisini kwake.

"Ya kitabu cha wanyama! Picha mia moja na arobaini! Miezi sita ninazipaka rangi kwenye kompyuta, leo nazikuta zote ndogo kama stempu. Ukizikuza ni vitofali vitupu. Njoo uone mwenyewe, mimi nimekwisha!"

Mhariri Mkuu akainama kwenye kioo cha kompyuta, akazikuza mbili tatu. Kisha akamgeukia mpanga kurasa wetu, yule tunayemwita Nukta kwa sababu aliwahi kusimamisha mtambo wa kuchapia kwa ajili ya nukta moja.

"Nukta. Si ile skripti yako hii? Ile orodha ya maagizo ya kompyuta, ya kupunguza picha?"

Nukta akatazama kioo, akatazama sakafu. Halafu akanitupia jicho mimi, mara moja tu.

"Ni skripti yangu," akasema.

"Basi nenda nyumbani mpaka tuamue la kufanya. Na hayo mafunzo yako nisiyasikie tena humu ndani!"

Mimi nilikuwa nachonga penseli iliyokwisha kuchongoka zamani. Jamani, aliyeziharibu zile picha ni mimi. Na huyo aliyekuwa anakusanya vitu vyake mezani ni mchumba wangu. Tulibakiza miezi minne tufunge ndoa.

Msinitazame hivyo. Ngojeni niwaeleze.

Mwezi mmoja nyuma, Mhariri Mkuu alituita kikao.

"Nukta ana pendekezo. Kila mchoraji ajifunze lugha ndogo ya kuiagiza kompyuta, saa moja kwa siku. Zile kazi za kurudiarudia, kupunguza picha, kubadilisha majina ya faili, iwe inazifanya yenyewe, kwa skripti kama ile aliyonionyesha."

Mdomo wangu huo, sijui nani aliniumbia.

"Sisi ni wasanii au mafundi mitambo? Mtu anayeshindwa kuchora hata kuku ndiye anataka kutufundisha kazi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nukta naye akatabasamu, akainamisha kichwa. Tulipotoka, akaniuliza polepole:

"Ilikuwa lazima unicheke mbele za watu?"

"Utani tu, mpenzi. Usiwe mwepesi wa kununa."

Hakununa. Kesho yake aliniletea flashi.

"Hii nimekuandikia wewe peke yako. Kabla hujaitumia, isome."

"Nisome mimi? Herufi zilizojaa kama mchwa?"

"Soma hata pale juu tu."

Nikaitupa kwenye droo.

Basi ikafika Jumatano. Niliagizwa nitengeneze nakala ndogo za picha za Mama Pacha kwa ajili ya katalogi, ziwe tayari saa tisa. Mpaka wenzangu wanakwenda kula, nilikuwa nimefanya kumi na moja kwa mkono, na kifundo cha mkono kinawaka moto. Nikakumbuka flashi. Nikatazama mlangoni kama mwizi, nikainakili skripti kwenye kompyuta yangu, nikaiandikia folda ya Mama Pacha, ile tunayoifungua sote, nikaiwasha.

Ikanigomea. *Folda ya kuchukulia na ya kuwekea ni moja. Simama. Mstari wa 14.*

Nikajaribu tena, ikagoma tena. Nikaona kompyuta inanifanyia kiburi. Nikaifungua ile skripti, nikayaruka maandishi ya kijivu yaliyokuwa juu, nikashuka mpaka mstari wa 14, nikaufuta, wa 15, wa 16, wa 17. Nikaiwasha. Dakika moja, kazi kwisha!

Mhariri Mkuu aliponisifia, unajua nilijibu nini?

"Nimezifanya zote kwa mkono, mama."

"Mmeona?" akawaambia wenzangu. "Mkono wa msanii huo!"

Sikujua kwamba nakala ndogo zilikuwa zimekaa juu ya picha zenyewe. Lakini Mama Pacha alipopiga kelele kesho yake asubuhi, nilijua papo hapo. Na nilinyamaza.

Nukta alinisubiri kwenye ngazi, ameshika kiboksi chenye kikombe na rula yake.

"Wewe ndiye uliyeiwasha?" akauliza.

"Mimi? Mimi hata pa kubonyeza sipajui!"

Alinitazama kwa muda. Nikatazama rula.

"Sawa," akasema, akashuka.

Siku mbili hakupokea simu zangu. Ya tatu ikaingia meseji: *Sina kinyongo. Naomba tu flashi yangu.*

Mnajua kwa nini niliichomeka ile flashi kabla ya kumrudishia? Si kwa mapenzi. Nilitaka kufuta chochote kitakachonitaja. Ndivyo nilivyokuwa nimeoza. Nikaifungua skripti nitafute jina langu, na kwa mara ya kwanza nikayasoma yale maandishi ya kijivu.

*# Mpenzi, mistari yenye alama hii kompyuta haiisomi. Ni ya binadamu tu. Kwa hiyo hapa tupo wawili.*

*# Sitaki uwe fundi. Nataka mkono wako upumzike. Nakuona unavyoukanda ukidhani sikuoni.*

*# Mistari ya 14 hadi ya 17 usiifute hata ikikukera. Hiyo ndiyo inayokulinda wewe na kazi za wenzako.*

*# Ukikwama, niite. Sitacheka.*

Sitacheka! Mimi niliyemcheka mbele ya watu kumi na wawili! Nilihisi uso unawaka mpaka masikioni, na nilikuwa peke yangu chumbani. Halafu likaniingia lingine, nikakaa chini sakafuni. Skripti ile aliniandikia mimi peke yangu. Mtu mwingine hakuwa nayo. Kwa hiyo alijua tangu dakika ya kwanza. Pale kwenye ngazi hakuwa anauliza. Alikuwa ananipa nafasi.

Jumatatu asubuhi niliomba watu wote wakae. Nikaiweka skripti kwenye kioo kikubwa.

"Nataka kuwasomea."

"Wewe?" Mhariri Mkuu akashangaa. "Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Mstari wa tano unasema: ingia kwenye folda hii uchukue picha. Wa sita unasema: nakala ndogo ziweke kwenye folda ile. Kuanzia wa 14 mpaka wa 17 inasema: kama folda hizo mbili ni moja, simama, utaharibu." Nikaifungua na ya pili pembeni yake. "Hiyo ni ya Nukta. Iliyoharibu picha ni hii ya kwenye kompyuta yangu. Tazameni, haina hiyo mistari minne. Niliifuta mimi, Jumatano, mlipokwenda kula. Sikuzifanya kwa mkono. Nilidanganya, na nikamwacha mchumba wangu afukuzwe."

Mama Pacha akavua miwani.

"Umenitazama nalia tangu Alhamisi," akasema, "ukanipa na tishu."

"Ndiyo, dada."

"Ukanipa na tishu!"

Alikuja mpaka mbele yangu, nikajua kofi ndilo hilo.

"Michoro ya penseli ninayo kwenye karatasi. Utazipaka rangi upya, zote mia moja na arobaini. Na mimi nitakaa kwenye kiti pembeni yako, kila siku, nakutazama."

"Nitapaka, dada."

Mhariri Mkuu akakuna shingo. "Na mimi nilimhukumu mtu bila kuuliza. Sasa lile pendekezo lake je? Wachoraji wajifunze, wasijifunze?"

"Mimi kuandika siahidi," Mama Pacha akasema. "Ila kusoma nitajifunza, nijue anayeniua anapitia wapi."

Hakuna aliyecheka.

"Nenda kamlete mwenzako," Mhariri Mkuu akaniambia. "Mwambie na mimi namwomba radhi."

Nyumbani kwa Nukta, mlango ulifunguliwa na mama yake.

"Karibu, mkwe wangu! Mwenzio yupo uani. Ofisi yenu ina utu, kumpa likizo ndefu hivi kabla ya harusi!"

Kumbe Nukta alikuwa amemficha hata mama yake kwa ajili yangu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Si likizo, mama," nikasema. "Alirudishwa nyumbani kwa kosa langu. Nilifanya mimi, akabebeshwa yeye, nami nikakaa kimya."

Tabasamu likamtoka taratibu. Hakunikaribisha tena, ila alisogea nipite.

Nukta alikuwa ameketi kwenye benchi, anamenya chungwa.

"Nimesema," nikamwambia. "Mbele ya wote."

"Nimesikia. Mama Pacha alinipigia, amenitukana kwa kukuficha."

"Mbona hukusema mwenyewe? Ulijua."

"Ningesema mimi, ningepata kazi yangu. Wewe ningekukosa." Akaweka kisu chini. "Na hata sasa sina hakika kama nimekupata. Kosa la picha linasameheka, mtu yeyote angelifanya. Ila pale kwenye ngazi ulinitazama, ukadanganya."

"Sikukutazama. Nilitazama rula."

"Unaona? Hata hilo."

Nikalia, siwafichi. Kisha nikatoa kompyuta kwenye mkoba.

"Nimeandika moja. Siku mbili kwa mistari tisa, usinione mjanja. Ni ya kuweka nakala za akiba, ili kazi ya mtu isipotee tena."

Akaipokea bila hamu. Akaiwasha. Kioo kikaandika: *Folda ya kuchukulia na ya kuwekea ni moja. Simama.*

"Umerudia kosa lilelile," akasema.

Aibu juu ya aibu! Nilinyoosha mkono niifunge, akauzuia.

"Ila imekataa."

"Ile mistari minne niliiweka," nikasema. "Niliiandika kwanza kabisa."

Akaipandisha skripti mpaka juu, na nikajua anasoma nini.

*# Nilikucheka mbele za watu, nimekiri mbele za watu. Ulisema nikikwama nikuite. Nimekwama.*

Akaliweka chungwa kando. Kisha akausogeza mwili wake kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana.

"Kaa," akasema. "Tuanze na mstari wa tano. Hapo ndipo ulipoikosea folda."

Nikakaa. Hakunishika mkono, wala sikuthubutu kumshika. Nilipokuwa naandika kwa kidole kimoja, nikakosea tena. Nikamwibia jicho.

Hakucheka. Lakini aliuchukua mkono wangu wa kulia, akaanza kuukanda kwenye kifundo, macho yake bado yapo kwenye kioo.

Mama yake akachungulia dirishani, uso bado haujakunjuka.

"Na hiyo inayoitwa likizo," akauliza, "inaisha lini?"

"Kesho, mama," Nukta akajibu. "Tutaondoka pamoja."

"Basi huyo mkwe wangu abaki ale. Akishakula, nina maneno naye."