Kahawa Isiyouzwa Ikiwa Maua

Upepo wa ziwani uliezua nusu ya paa la Anatory Karugendo siku ya Jumatatu. Kufikia Jumatano, mkewe Kokuhirwa alikuwa amehamisha kitanda mara tatu kukwepa matone, na mtoto wao mdogo alikuwa anakohoa. Ilikuwa Oktoba 1971, huko Muleba. Mvua za vuli ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Kwenye kibanja chao, katikati ya migomba, mikahawa ilikuwa imechanua maua meupe.

Mabati kumi yalitaka shilingi mia na ishirini. Nyumbani hapakuwa na hata ishirini.

"Kashaija anakuja Jumamosi," alisema Anatory. "Mwaka jana alitoa nne na nusu kwa debe. Safari hii anatoa tano. Jirani mwema yule."

Kashaija alinunua kwa butura, yaani kahawa ikingali maua mtini. Alikuja na fedha mfukoni na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Ukishanywa kwenye kibuyu chake, umeuza. Mavuno yakifika, anachukua madebe yake. Kokuhirwa naye aliona kuwa tano ni afadhali kuliko nne na nusu.

Alhamisi alikwenda kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu wao alikuwa Maulida, Bibi Maendeleo, yaani ofisa wa maendeleo ya jamii, mzaliwa wa Miembeni mjini Bukoba, mwanamke asiyependa jibu la kubahatisha. Alikuwa amewaagiza waulize nyumbani bei za kahawa za misimu mitatu: bei ya butura, na bei iliyolipwa na chama cha ushirika ghalani.

Kila mmoja alimsukuma mwenzake aanze. Kuuza kwa butura kulikuwa jambo la aibu. Ndipo Klaudia, mjane mwenye ulimi mkali, akasema kwamba kama ni aibu, basi darasa zima limekaa uchi. Wakacheka, na bei zikaanza kutajwa.

Mavuno ya 1969: butura nne, ghalani saba. Ya 1970: nne, na nane. Ya 1971: nne na nusu, na tisa na nusu. Kokuhirwa aliitwa ubaoni aitoe bei ya butura kwenye ile ya ghalani. Aliandika tatu. Akaandika nne. Alipoandika tano, akamgeukia Maulida.

"Bei ya Kashaija inapanda," alisema. "Mbona sisi tunazidi kuachwa?"

"Kwa sababu mlikuwa mnapima bei ya Kashaija kwa bei ya Kashaija," alijibu Maulida. "Ipimeni kwa bei ya ghalani, tena msimu kwa msimu. Soko likiwa zima, habari za bei zinamfikia kila mtu, na mwenye shida ana mlango zaidi ya mmoja wa kubisha. Hapo bei hizi mbili husogeleana. Hapa zinaachana. Soko hili linaumwa."

Hakusema kwamba Kashaija ni mwizi. Anayetanguliza fedha anastahili faida kidogo kwa kungoja, alieleza, lakini nusu ya kahawa ya mtu si faida kidogo. Kisha akawaeleza habari za chama cha kuweka na kukopa. Riba yake ilikuwa shilingi moja kwa kila mia kwa mwezi. Mkopo wa mia na ishirini, hadi Julai, ungerudishwa kwa mia na thelathini na moja hivi. Kwa bei ya msimu uliopita, hayo ni madebe kumi na manne. Kashaija angechukua ishirini na manne.

Klaudia aliuliza itakuwaje bei ikianguka. Maulida alikiri kwamba hakuna awezaye kuahidi bei. Lakini hata ikishuka hadi saba, alisema, madebe kumi na tisa yatatosha.

Anatory alikuwa mwanachama wa chama hicho. Walihitaji wadhamini wawili tu. Klaudia alijitolea, na jirani mmoja akamfuata. Kamati ingekaa Jumatatu.

Lakini Anatory hakuwa darasani. Alimsikiliza mkewe, kisha akasema kalamu haizibi paa.

Jumamosi Kashaija alifika, akamimina rubisi. Kokuhirwa hakumgombeza mumewe mbele ya mgeni. Alipiga magoti, akamkaribisha Kashaija kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, halafu akamgeukia mumewe.

"Baba Joviana, kabla hujanywa. Madebe ishirini na manne ni mikahawa mingapi?"

Anatory alitazama nje. Kibanja chote kilitoa madebe arobaini. Midomo yake ilitembea akihesabu, kuanzia mti wa mlangoni, akavuka shimo la taka, akaendelea hadi karibu na mpaka. Hapo akaacha kuhesabu. Kikombe akakirudisha chini, kimejaa.

"Mzee Kashaija, leo tumbo langu limekataa pombe."

"Tangu lini tumbo la Karugendo likakataa rubisi?"

"Tangu Alhamisi, waitu," alijibu Kokuhirwa kwa neno la adabu la Kihaya.

Jumatatu kamati iliwapa mkopo. Alhamisi mabati yalikuwa juu, na kitanda kikarudi mahali pake. Kikohozi cha mtoto kilipoa.

Julai bei ya ghalani ilikuwa tisa. Madebe kumi na matano yalimaliza deni, na ishirini na matano yakabaki yao. Kokuhirwa alikaa juu ya gunia pale ghalani, akacheka peke yake.

Kufikia Oktoba, kaya kumi na moja zaidi zilikuwa zimejiunga na chama. Kashaija alipita tena nyumba hadi nyumba. Sasa alitoa saba na nusu.

Darasani, Kokuhirwa alikwenda ubaoni bila kuitwa. Aliandika tisa, bei ya ghalani ya Julai, akatoa saba na nusu.

"Moja na nusu," alisoma kwa sauti. "Soko limeanza kupona."