Karanga Anaogopa Kamba

Kule Tukuyu, milimani, ambako mvua haichoki kunyesha, aliishi msichana mdogo anayeitwa Sekela. Nyumba yao ilikuwa na bati jekundu. Nyuma yake kulikuwa na migomba mingi, mirefu, yenye majani mapana.

Sekela alikuwa na mbwa. Mbwa huyo aliitwa Karanga, kwa sababu rangi yake ilikuwa kama ya karanga zilizokaangwa.

Karanga alikuwa mbwa mwema. Alilinda kuku wa mama. Alimsindikiza Sekela bombani kuchota maji. Akifurahi, mkia wake ulipiga ukuta, pwata, pwata, pwata.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja Karanga alikiogopa sana.

Aliogopa kamba.

Akiona kamba tu, masikio yake yalilala. Mkia uliingia katikati ya miguu. Kisha alijificha chini ya meza ya jikoni, akalia, nyiii, nyiii.

"Mama, kwa nini Karanga anaogopa kamba?" Sekela aliuliza.

Mama alikuwa anamenya ndizi za kupika. "Kabla hajaja kwetu, alikuwa anafungwa," alisema. "Kamba fupi, mchana kutwa. Jua likiwaka, hakuweza hata kufika kivulini. Sasa ni mkubwa, lakini hajasahau."

Sekela aliinama, akamtazama Karanga chini ya meza. Karanga naye alimtazama Sekela.

Jioni moja baba alirudi na habari.

"Jumamosi ijayo daktari wa mifugo anakuja kuchanja mbwa," alisema. "Atakuwa kwenye uwanja wa mpira."

"Chanjo ya nini, baba?"

"Chanjo ya kichaa cha mbwa. Ni ugonjwa mbaya, Sekela. Mbwa akiugua, haponi. Na akimng'ata mtu, anaweza kumwambukiza. Chanjo ndiyo kinga yake, na yetu sisi pia."

"Basi tutampeleka Karanga," alisema Sekela.

"Tutampeleka," alisema baba. "Ila lazima aende na kamba. Mbwa watakuwa wengi pale. Wakiachwa huru, watapigana."

Kutoka chini ya meza ilisikika sauti ndogo. Nyiii.

Kesho yake Sekela alichukua kamba ya bluu, akamvizia Karanga uani, akamfunga shingoni. Akaanza kuvuta.

Karanga alikaza miguu.

Sekela akavuta tena. Karanga akalala chini, mzito kama gunia la viazi.

Sekela akavuta kwa nguvu zake zote. Kamba ikachomoka. Sekela akaanguka kwenye tope, pwaa. Na Karanga akakimbilia chini ya meza.

"Mbwa mbishi wewe," alisema Sekela. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mama alikuja na kitambaa, akamfuta tope usoni.

"Wewe unaogopa giza," alisema mama. "Nikikukamata mkono nikakuvuta gizani kwa nguvu, utaacha kuogopa?"

Sekela alifikiri. "Hapana. Nitaogopa zaidi."

"Na mimi je?"

Sekela alifikiri tena. "Na wewe pia nitakuogopa."

Mama aliitikia kwa kichwa. "Basi usimvute. Mwache aizoee kamba mwenyewe. Kidogo leo, kidogo kesho. Akifanya vizuri, mpe kitu anachokipenda, hapohapo, kabla hajasahau amefanya nini."

Karanga alipenda nini? Alipenda dagaa.

Mama alitia dagaa wachache kwenye kikombe cha bati. "Hawa hawana chumvi," alisema. "Chumvi nyingi si nzuri kwa mbwa. Na mpe mmojammoja, asije akashiba kabla hajajifunza."

Siku hiyo Sekela aliiweka kamba sakafuni. Aliketi kando yake. Hakumfuata Karanga. Hakumvuta. Alisema tu kwa sauti ya chini:

"Polepole, Karanga.
Mimi nipo hapa."

Alingoja. Kuku walipita mlangoni. Mvua ilianza, ikaacha.

Pua ikachungulia kutoka chini ya meza. Kisha kichwa. Kisha kucha zikasikika sakafuni, tik, tik, tik.

Karanga aliinusa kamba. Nus, nus.

Hapohapo Sekela akampa dagaa. Karanga akamla, akalamba na vidole.

"Kwa leo inatosha," alisema mama.

Siku iliyofuata kamba ilimgusa Karanga mgongoni. Alishtuka, lakini hakukimbia.

"Polepole, Karanga.
Mimi nipo hapa."

Akapata dagaa.

Siku nyingine kamba ilizunguka shingo yake. Mama alimwonyesha Sekela namna ya kuifunga. "Fundo lisiloteleza," alisema. "Halafu pitisha vidole viwili hapa katikati. Vikipita, iko sawa. Visipopita, inambana."

Karanga alitembea uani akiburuza kamba nyuma yake, kama mkia wa pili.

Halafu ikaja siku ya mvua kubwa. Bati lilivuma mpaka watu wakawa hawasikilizani. Karanga alipoiona kamba, alirudi chini ya meza, akakataa kabisa kutoka. Hata dagaa hakumtaka.

"Lakini jana alikuwa anaweza," Sekela alilalamika.

"Leo hawezi," alisema mama. "Mwache."

Sekela aliudhika kidogo. Lakini alimwacha.

Mvua ilipokatika, Karanga alitoka mwenyewe. Sekela alishika ncha ya kamba, akamfuata popote alipotaka kwenda. Walikwenda kwa kuku. Walikwenda kwenye migomba. Walisimama muda mrefu karibu na pipa la maji, kwa sababu Karanga alikuwa ananusa kitu, na Sekela hakujua ni kitu gani.

Kamba ilining'inia katikati yao, imelegea. Hakuna aliyemvuta mwenzake.

Baba naye alikuwa na somo lake.

"Siku moja anaweza kukuponyoka," alisema. "Akikimbia, usimkimbize. Ukimkimbiza atadhani ni mchezo, au atazidi kuogopa. Chuchumaa. Mwite kama unavyomwita kila siku. Na akija, usimgombeze, hata kama amekuchosha. Ukimgombeza, kesho hatakuja."

Basi wakafanya mazoezi kwenye migomba. Sekela alijificha nyuma ya mgomba mmoja, akachuchumaa, akaita, "Karanga, njoo." Karanga alikuja mbio, masikio yakirukaruka.

Jumamosi ikafika.

Sekela alimfunga Karanga kamba. Alipoitazama shingo yake, alimwonea huruma. Akailegeza kamba kidogo. Kisha akailegeza tena kidogo.

Walitembea na baba mpaka uwanjani. Karanga alitembea vizuri, tik, tik, tik, kando ya mguu wa Sekela.

Uwanja ulikuwa umejaa mbwa. Mbwa weusi, mbwa weupe, mbwa wa madoa. Wengine walibweka, wo, wo, wo. Wengine walilala tu wakipiga miayo.

Karanga alijibana kwenye mguu wa Sekela.

"Polepole, Karanga.
Mimi nipo hapa."

Walipanga foleni. Mbele yao alikuwapo mbwa mkubwa mweusi wa mzee Ambakisye, jirani yao. Mbwa huyo aligeuka ghafla, akabweka usoni mwa Karanga. WO.

Karanga akaruka nyuma. Kichwa chake kikachomoka kwenye kamba.

Akakimbia.

Alipita katikati ya watu. Alipita goli. Alikimbia kuelekea barabarani, na kwa mbali lori la majani ya chai lilikuwa linateremka kilima, nguruu, nguruu.

"Mkamateni," watoto walipiga kelele, wakaanza kumfukuza.

"Simameni," alisema baba. "Msimkimbize."

Watoto wakasimama.

Miguu ya Sekela ilitaka kukimbia. Alitaka kupiga kelele mpaka sauti ikauke.

Lakini alichuchumaa.

"Karanga, njoo," aliita. Sauti ilimtetemeka. Akaita tena, safari hii kama anavyoita siku zote kwenye migomba. "Karanga, njoo."

Karanga alisimama ukingoni mwa barabara. Sikio moja likainuka.

Alilitazama lori. Akamtazama Sekela, mdogo, amechuchumaa kwenye nyasi.

Kisha akageuka. Alikuja kwanza taratibu, halafu mbio, halafu mbio sana, mpaka akamwangukia Sekela kifuani.

Nyuma yake lori likapita, nguruu, na vumbi lake.

Sekela alimkumbatia. Kulikuwa na maneno makali mdomoni mwake, maneno kama "kwa nini ulikimbia" na "umenitisha". Hakuyasema. Alitoa dagaa mfukoni, akampa. Karanga akamla. Sekela akampa mwingine.

Baba alikuja na kamba, akaitazama.

"Mama alikwambia vidole viwili," alisema taratibu. "Hapa inapita ngumi nzima."

Sekela alitazama chini. "Nilimwonea huruma."

"Najua. Lakini kamba ikimkaa vizuri ndiyo inamlinda. Haya, mfunge wewe."

Sekela aliisogeza kamba karibu. Karanga aliinusa. Nus, nus. Masikio yalilala kidogo, lakini miguu haikukimbia. Sekela akafunga, akapitisha vidole viwili. Vikapita.

Wakarudi kwenye foleni. Safari hii walisimama mbali kidogo na yule mbwa mkubwa, na mzee Ambakisye akamgeuza mbwa wake upande mwingine.

Zamu yao ilipofika, walimkuta daktari wa mifugo, Daktari Tumpe. Alivaa buti za mvua na koti la kijani. Pembeni yake lilikuwapo boksi la barafu lenye dawa ndani.

"Shikamoo, daktari," alisema Sekela.

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni nani?"

"Karanga."

"Karanga anang'ata?"

"Hang'ati. Anaogopa tu."

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema Daktari Tumpe, akashusha sauti yake. "Baba amshike kichwa na mabega. Wewe kaa pale anapokuona. Ongea naye."

Sekela alikaa chini, uso kwa uso na Karanga.

"Polepole, Karanga.
Mimi nipo hapa."

Karanga alimtazama. Daktari akavuta ngozi ya begani kidogo. Sindano ikaingia, ikatoka.

"Tayari," alisema daktari.

"Tayari?" Sekela aliuliza.

Hata Karanga alionekana kushangaa.

"Leo apumzike," alisema Daktari Tumpe. "Anaweza kuwa mchovu, na begani patauma kidogo. Msimwogeshe. Mwekeeni maji safi. Akitapika au akivimba uso, nileteeni haraka. Na mwakani aje tena."

Nyumbani, Karanga alikunywa maji, lapu, lapu, lapu. Kisha akajinyoosha kibarazani, akalala.

Alilala mchana kutwa. Mama alipompa ugali na mchuzi kidogo wa samaki, aliunusa tu, akafumba macho.

Sekela alikaa kando yake. "Mama, anaumwa?"

Mama alimtazama Karanga machoni. Alimpapasa uso, akaangalia kama umevimba. Haukuwa umevimba.

"Amechoka," alisema. "Daktari alisema itakuwa hivi. Tumwache alale, tutamtazama tena baadaye."

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya migomba, Karanga aliinuka. Akajitikisa kuanzia masikio mpaka mkia. Akaenda kwenye bakuli, akala ugali wote, akalamba na bakuli lenyewe mpaka likasogea hadi ukutani.

Sekela alicheka. Mama naye akacheka.

Baadaye Sekela alioga, akala, akapanda kitandani. Baba alikuja kumfunika blanketi, maana Tukuyu jioni ni baridi.

"Baba," alisema Sekela, macho yakiwa mazito. "Mwakani nani atampeleka Karanga kwa daktari?"

"Unadhani nani?"

"Mimi," alisema Sekela. "Wewe utakuja kutusindikiza tu."

"Sawa," alisema baba. "Nitawasindikiza."

Alitaka kusema na neno jingine, lakini Sekela alikuwa ameshalala.

Na kule kibarazani, Karanga alikuwa anakoroma.

Khoro, khoro, khoro.